Kampuni Kubwa Kuliko Zote Duniani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeuliza "kampuni gani ndiyo kubwa kuliko zote duniani?" hutaka kutajiwa jina moja, na akijibiwa kwa swali jingine huona kama anazungushwa. Lakini swali hilo jingine halikwepeki: kubwa kwa kipimo gani? Mwaka 2024 Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, iliongoza kwa mapato, Saudi Aramco ya mafuta kwa faida, benki ya ICBC ya China kwa wingi wa mali, na kwa thamani ya soko kampuni za teknolojia Apple, Microsoft na Nvidia zilipokezana nafasi ya kwanza. Majibu yote hayo ni sahihi. Nimezoea kushinda na taarifa za fedha za kampuni za namna hii, na haya ndiyo maswali yanayonirudia mara nyingi zaidi.

Mapato ni nini hasa, na kwa nini Walmart ilikaa kileleni muda mrefu hivyo?

Mapato ni jumla ya fedha ambazo kampuni imeingiza kwa kuuza bidhaa na huduma ndani ya mwaka, kabla ya kutoa gharama yoyote. Ndicho kipimo cha jarida la Fortune, lililoanza kupanga kampuni 500 za Marekani mwaka 1955, General Motors ikiwa ya kwanza. Katika orodha ya jarida hilo ya dunia nzima, Walmart ilishika nafasi ya kwanza mfululizo kuanzia 2014 hadi 2025.

Tuichambue Walmart yenyewe. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2024 iliingiza dola bilioni 648. Kati ya hizo, bilioni 490 hivi zilikwenda kulipia bidhaa zilizouzwa. Zikafuata gharama za uendeshaji: mishahara ya watu milioni 2.1, majengo, magari, umeme. Halafu riba na kodi. Kilichobaki mwishoni kikiwa faida halisi ni bilioni 15.5. Maana yake, katika kila dola ambayo mteja anaiacha dukani, kampuni inabaki na takriban senti mbili na nusu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimejaa kwa sababu wateja ni wengi mno. Hakuna ubaya katika biashara ya namna hiyo. Ila mtu akikuambia tu "bilioni 648", bado hajakuambia kampuni hiyo inabaki na nini mkononi.

Basi mapato makubwa si dalili ya nguvu?

Ni dalili ya wingi wa shughuli. Nguvu ni jambo jingine, na mfano ninaoupenda ni huu. McKesson, msambazaji wa dawa wa Marekani, iliingiza dola bilioni 309 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, ikapata faida ya takriban bilioni 3. Nvidia, ya chipu za kompyuta, katika mwaka wake ulioishia Januari 2024, iliingiza bilioni 61 tu, lakini faida yake ilikaribia bilioni 30. Ukipanga kwa mapato, McKesson ni kubwa mara tano. Ukipanga kwa faida, Nvidia ni kubwa mara kumi. Na hesabu zote hizo zimekaguliwa na ni halali.

Tofauti inatokana na aina ya biashara. Msambazaji hununua dawa kiwandani na kuipeleka hospitali na maduka ya dawa. Thamani yote ya dawa hupita kwenye vitabu vyake, lakini yeye huongeza kidogo sana juu yake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kampuni kubwa za biashara za Japani. Mwaka 1995 orodha ya Fortune ya dunia iliongozwa na Mitsubishi, ikifuatiwa na Mitsui, Itochu na Sumitomo. Zote zilikuwa kampuni za kununua na kuuza karibu kila kitu, faida ikiwa nyembamba kama karatasi.

Kuna na hatari kubwa kuliko hiyo. Enron ya Marekani ilikuwa ikiandika thamani nzima ya mikataba ya nishati iliyopita mikononi mwake kuwa mapato yake. Mapato yakaruka kutoka dola bilioni 40 mwaka 1999 hadi zaidi ya bilioni 100 mwaka 2000, na Fortune ikaiweka nafasi ya 7 Marekani. Desemba 2001 ikaomba ulinzi wa mahakama, imefilisika. Tangu niisome habari hiyo kwa kina, mapato yakiruka ghafla huwa naanza kwa kutafuta jinsi yalivyoandikwa vitabuni, kabla sijasifu chochote.

Thamani ya soko inahesabiwaje?

Unachukua bei ya hisa moja, unazidisha kwa idadi ya hisa zote za kampuni. Basi. Apple ilifikisha dola trilioni 1 tarehe 2 Agosti 2018, trilioni 2 miaka miwili baadaye. Nvidia ikawa ya kwanza kufika trilioni 4 Julai 2025, na trilioni 5 Oktoba mwaka huohuo.

Watu wengi hudhani hizo ni fedha zilizoko mahali fulani. Sivyo. Ni bei ambayo wanunuzi wachache wa siku ile wamekubali kulipa kwa hisa chache zilizouzwa siku ile, kisha bei hiyo ikavishwa hisa zote, hata zile ambazo hazijauzwa kwa miaka ishirini. Mwenye hisa nyingi akitaka kuziuza zote kwa mkupuo, bei ile haitamsubiri.

PetroChina inaonyesha jambo hili waziwazi. Novemba 5, 2007 hisa zake ziliingia kwa mara ya kwanza katika soko la Shanghai. Sehemu ndogo sana ya hisa za kampuni, asilimia 2 hivi, ndiyo iliyotolewa kuuzwa pale, na watu wakazigombania. Zilitolewa kwa yuani 16.70, siku ile zikafunga karibu yuani 44. Waandishi wa habari wakachukua bei hiyo, wakaizidisha kwa hisa zote, na dunia ikapata kampuni yake ya kwanza ya dola trilioni 1. Hisa za kampuni hiyohiyo zilikuwa zikiuzwa Hong Kong kwa bei ya chini zaidi siku hiyohiyo! Mwaka uliofuata bei ya Shanghai iliporomoka vibaya, na waliokuwa wamenunua kileleni waliumia.

Ndiyo maana waandaaji wa faharasa za hisa (namba zinazofuata bei za kundi la hisa), kama ile ya S&P 500, huhesabu hisa zile tu ambazo kweli zinaweza kununuliwa na umma. Saudi Aramco, kwa mfano, ilipoingia sokoni Desemba 2019 iliuza asilimia 1.5 tu ya hisa zake, na serikali ya Saudi Arabia bado inamiliki sehemu kubwa mno. Thamani yake ya soko isomwe kwa uangalifu huo.

Kwa nini benki huongoza kila zinapopangwa kwa mali?

Kwa sababu mali ya benki ni mikopo iliyoitoa. Fedha ulizoweka benki ni deni la benki kwako. Fedha hizo zikikopeshwa kwa mtu mwingine, mkopo ule huandikwa kuwa mali. Mwishoni mwa 2024 ICBC ilikuwa na mali ya zaidi ya dola trilioni 6, JPMorgan Chase ya Marekani takriban trilioni 4. Lakini upande wa pili wa mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, kuna madeni yanayokaribia kulingana na mali hizo.

Kulinganisha mali ya benki na mali ya kiwanda cha magari, kwa hiyo, hakumsaidii msomaji. Benki zilinganishwe na benki, na hata hapo wanaozifahamu hutazama kwanza mtaji wa wenyewe: kile kinachobaki kikiondolewa kila deni, ambacho ndicho kitakachobeba hasara mikopo ikiharibika.

Kuna orodha inayojaribu kuchanganya vipimo vyote?

Ipo. Forbes tangu 2003 hupanga kampuni 2,000 za dunia kwa vipimo vinne vyenye uzito sawa: mauzo, faida, mali na thamani ya soko. Ni jaribio zuri, na ukinilazimisha kuchagua orodha moja nitachagua hiyo. Kasoro yake ni kwamba kipimo cha mali huzipa benki nafasi kubwa. ICBC iliongoza kwa miaka mingi, Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, ikaipokonya mwaka 2022, JPMorgan ikachukua 2023.

Nguvu ya kifedha nayo hupimwaje?

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, maana orodha za ukubwa hazikufikishi huku.

Anza na fedha taslimu. Kampuni inaweza kutangaza faida huku wateja bado hawajalipa. Mauzo yameandikwa, fedha haijaingia. Taarifa ya mtiririko wa fedha ndiyo itakayokuonyesha ni kiasi gani kimeingia kweli kutokana na biashara, na kimebaki kiasi gani baada ya kununua mitambo na majengo. Faida ikipanda mwaka baada ya mwaka huku fedha hiyo haipandi, kuna jambo la kuuliza.

Kisha madeni. Usikomee kwenye jumla yake. Uliza yanaiva lini, na riba yake inalipika kwa urahisi gani. Tuseme kampuni ina faida ya uendeshaji (kabla ya riba na kodi) ya bilioni 10 na inalipa riba ya bilioni 1 kwa mwaka: faida inatosha kulipa riba mara 10, mwaka mbaya hauitishi. Nyingine ina faida ileile, riba bilioni 7. Faida hiyo ikishuka kwa theluthi moja tu, haitoshi tena kulipa riba, na kampuni itaanza kukopa ili ilipe waliokopesha. Kwenye orodha ya mapato, mbili hizi zinaweza kukaa jirani.

Kazi ya kupima haya ndiyo wanayoifanya S&P, Moody's na Fitch, mashirika ambayo hutoa alama za uwezo wa kulipa madeni. Alama ya juu kabisa ya S&P ni AAA. Zamani makumi ya kampuni za Marekani zilikuwa nayo; kampuni ya mafuta ya ExxonMobil iliposhushwa Aprili 2016 zikabaki mbili tu, Microsoft na Johnson & Johnson. Agosti 2011 S&P waliishusha hata serikali ya Marekani hadi AA+, hivyo Microsoft ikawa na alama iliyo juu ya ile ya serikali ya nchi yake. Walmart, yenye mapato makubwa kuliko zote mbili kwa pamoja, haimo katika daraja hilo la juu kabisa, ingawa alama yake ni nzuri sana.

Hata hivyo, alama na uwiano havimalizi kila kitu. Mwisho wa 2022 benki ya Credit Suisse ilikuwa na uwiano wa mtaji (mtaji wa wenyewe ukilinganishwa na mali zikipimwa kwa hatari yake) wa asilimia 14, juu ya kiwango kinachotakiwa. Machi 2023 wateja waliondoa amana zao kwa kasi, na benki hiyo ya tangu 1856 ikauzwa kwa UBS mwishoni mwa juma moja. Siku kumi kabla ya hapo, wateja wa Silicon Valley Bank walikuwa wamejaribu kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja. Kesho yake benki ikafungwa. Benki ikikosa imani ya wateja, mtaji wa vitabuni hauizuii kuanguka.

Faida inaweza kupotosha?

Inaweza, bila mtu yeyote kudanganya. Berkshire Hathaway ilitangaza hasara ya dola bilioni 22.8 mwaka 2022, kisha faida ya bilioni 96.2 mwaka 2023. Ukisoma hivyo tu utadhani kampuni ilifufuka kutoka kaburini. Ukweli ni kwamba kanuni za uhasibu za Marekani zinaitaka iandike ndani ya faida kupanda na kushuka kwa bei za hisa inazomiliki, hata kama haikuuza hisa hata moja. Faida ya biashara zake zenyewe, bima, reli, umeme na nyinginezo, ilikuwa bilioni 30.9 mwaka 2022 na 37.4 mwaka 2023. Hakukuwa na kaburi wala ufufuko.

Apple nayo ina namba ya kushangaza. Mwaka wa fedha wa 2024 faida yake ilikuwa bilioni 93.7 wakati mtaji wa wanahisa vitabuni ulikuwa bilioni 57 tu. Faida imezidi mtaji! Si muujiza: kwa miaka mingi kampuni hiyo imetumia mamia ya mabilioni kununua hisa zake yenyewe, na kila ununuzi hupunguza mtaji vitabuni. Anayelinganisha kampuni kwa uwiano wa faida na mtaji bila kujua hilo atapotea njia.

Ni kweli kwamba kampuni fulani ni tajiri kuliko nchi nyingi?

Sentensi hii husambaa sana, na inaniudhi kwa sababu mara nyingi imejengwa juu ya hesabu isiyolingana. Kuweka thamani ya soko ya kampuni kando ya Pato la Taifa ni kulinganisha bei ya shamba na mavuno ya mwaka mmoja. Shamba la jirani yako linaweza kuuzwa kwa bei inayozidi mavuno yako ya mwaka huu, na bado wewe ukawa na shamba kubwa zaidi.

Kuweka mapato kando ya Pato la Taifa ni afadhali kidogo, kwa kuwa vyote hupimwa kwa mwaka, lakini bado kuna tatizo. Pato la Taifa huhesabu thamani iliyoongezwa tu. Zile bilioni 490 ambazo Walmart ililipia bidhaa zilikwisha kuhesabiwa kwa waliozitengeneza na kuzisafirisha. Ukitaka ulinganifu wa haki, toa kwanza vitu vyote ambavyo kampuni imenunua kwa wengine. Kampuni itabaki kubwa, ila haitakuwa kubwa kama ilivyotangazwa.

Kwa nini ninapata namba tofauti kwa kampuni ileile?

Mara nyingi ni kalenda. Mwaka wa Walmart huisha Januari 31, wa Toyota Machi 31, wa Microsoft Juni 30, wa Apple mwishoni mwa Septemba. Kinachoitwa "2024" kwenye orodha moja kinaweza kuwa miezi tofauti kabisa kwenye nyingine. Pia sarafu: yeni ikishuka dhidi ya dola, Toyota itaonekana imepungua hata kama imeuza magari yaleyale. Kabla ya kunukuu namba yoyote, tazama mwaka umeishia tarehe gani na sarafu ilibadilishwa kwa kiwango kipi.

Kampuni zisizo kwenye soko la hisa zimo?

Inategemea orodha. State Grid, kampuni ya umeme inayomilikiwa na serikali ya China, huwa miongoni mwa tatu za juu kwa Fortune, lakini kwa Forbes hutaiona kwa sababu haiuzi hisa kwa umma. Cargill, kampuni ya chakula inayomilikiwa na familia, hutangaza mapato yake kwa hiari: dola bilioni 160 mwaka wa fedha wa 2024. Nyingine hazitangazi chochote.

Nimesoma kwamba Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilikuwa na thamani ya dola trilioni 7. Ni kweli?

Nisingeitegemea namba hiyo. Kampuni yenyewe ilikuwa kubwa kweli: ilianzishwa 1602, ikauza hisa kwa umma Amsterdam, ikadumu hadi 1799, na utajiri wake ulitokana kwa sehemu na ukatili kwa watu wa visiwa vya viungo. Lakini kubadilisha gilda za karne ya 17 kuwa dola za leo hakuna njia moja inayokubalika, na ukibadilisha njia jibu hubadilika mara mia. Ukitaka historia yenye hesabu zinazoshikika, anza na U.S. Steel, iliyoundwa 1901 kwa mtaji wa dola bilioni 1.4, au Standard Oil, iliyovunjwa na mahakama mwaka 1911 ikawa kampuni 34.

Kampuni kubwa namna hii inaweza kuanguka?

Ndiyo, na haraka. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilipofilisika Septemba 15, 2008 ilikuwa na mali ya dola bilioni 639 na madeni ya bilioni 613. Tazama pengo lile: bilioni 26. Mali zikishuka thamani kwa asilimia 4 tu, mtaji wote umekwisha. General Motors, ile iliyoongoza orodha ya kwanza ya 1955, ilifilisika Juni 1, 2009 ikaokolewa kwa fedha za serikali.

Nyingine hushuka taratibu. General Electric ilikuwa miongoni mwa kampuni zenye thamani kubwa kabisa duniani mwaka 2000. Ikapoteza AAA mwaka 2009, ikaondolewa kwenye faharasa ya Dow Jones mwaka 2018, na kufikia Aprili 2024 ilikuwa imegawanywa kuwa kampuni tatu zinazojitegemea.

Idadi ya wafanyakazi ina maana yoyote?

Kwa serikali na kwa jamii, ina maana kubwa sana. Walmart ikitikisika, watu milioni 2.1 wanatikisika nayo. Nvidia, yenye thamani ya soko inayoizidi mara kadhaa, ilikuwa na watu wapatao 36,000 mwanzoni mwa 2025. Orodha za fedha hazionyeshi hilo, nami naona zingepaswa kuliwekea safu yake.

Nikitaka kulinganisha kampuni mbili mwenyewe, nianzie wapi?

Chukua ripoti ya mwaka ya kila moja. Kampuni nyingi za soko la hisa huziweka bure mtandaoni. Hakikisha ziko kwenye biashara inayofanana. Chora jedwali la miaka mitano, si mmoja, maana 2020 peke yake ingekuonyesha ExxonMobil yenye hasara ya dola bilioni 22, na 2022 peke yake ingekuonyesha faida ya bilioni 56. Andika mapato, faida ya uendeshaji, riba iliyolipwa, fedha iliyobaki baada ya uwekezaji, na madeni yanayoiva ndani ya miaka miwili. Kisha nenda nyuma kabisa ya ripoti, kwenye maelezo ya hesabu, usome sehemu inayoeleza mapato huandikwa lini na kwa kiasi gani. Maandishi yake ni madogo na yanachosha. Kwa Enron, huko ndiko palikuwa na la kusoma.